Ushuhuda Ulioandikwa kwenye Stakabadhi ya Korosho

Sina hakika kama mimi ndiye ninayefaa kuyaandika haya. Shule niliishia darasa la saba, na mambo ya hakimiliki na nembo zilizosajiliwa niliyajua ukubwani, tena kwa kutishwa nayo. Lakini nilikuwepo, na mengi niliyaweka kwenye daftari siku ileile yalipotokea. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilishuka pwani kutoka bara nikiwa kijana, nikapata ukarani wa mizani kwenye chama cha ushirika huko Mtunda. Baadaye wakaja wanunuzi binafsi na malori na mizani zao, ushirika ukafa taratibu, na asubuhi moja tukakuta ofisi imefungwa kufuli. Nikahamia Kibiti barabarani. Huko kulikuwa na huduma moja ya maombi, iliyoanzishwa na mchungaji wa bara kama mimi, nayo ikanichukua niwe mwandishi wa shuhuda. Mtu akisimama mkutanoni kusema ameponywa, mimi nilikaa naye pembeni nikaandika anachosema. Karatasi nilimpelekea mchungaji, naye alizituma Dar es Salaam zikachapwa kuwa vijitabu.

Nataka nimtendee haki mchungaji. Mwaka wa mafuriko makubwa, huduma yake ilifikisha unga na maharage vijiji vya delta, kule mto unakoingia baharini, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisima alichochimbisha Kibiti watu walichota bila kuulizwa dini. Mimi mwenyewe nilipolazwa kwa malaria alikuja kunitazama kila siku, akakaa na kunisimulia vichekesho vya kwao. Mtu akiniambia alikuwa mwongo mtupu, nitabisha mpaka leo.

Ila kuna kijitabu kimoja.

Mama mmoja wa Mbuchi, kijiji cha delta, mke wa mkata mikoko, alikuja kwenye mkutano wetu akiwa na kifua kikuu. Alikuwa Mwislamu kama wengi wa huko, na alikuja kwa sababu shoga yake alimshika mkono akamleta. Aliombewa. Akasema usiku ule alilala bila kukohoa, na anashukuru. Niliandika. Miezi michache baadaye kijitabu kikatoka na picha yake, na chini ya picha maneno yalisema: nilivitupa vidonge vya zahanati, nikaiacha dini yangu ya zamani, leo mimi ni mzima.

Nilikisoma kijitabu nikajua hakikuwa sawa na nilichoandika. Nikanyamaza. Nilijiambia pengine kumbukumbu yangu mbovu, pengine aliongea tena na mchungaji nisipokuwepo. Ninaliandika hili kwa aibu, maana huko Mbuchi mambo hayakunyamaza. Mama mkwe wake alikataa kula chakula kilichopita mikononi mwake. Mumewe alitaniwa kwenye magogo ya mikoko, akiulizwa kama siku hizi anaamkiwa kwa haleluya. Na jirani yake, aliyekuwa na kikohozi kilekile, alisomewa kijitabu akaacha kwenda kuchukua dawa.

Huyo jirani ndiye aliyemwamsha muuguzi wa zahanati. Alikuwa mwanamke wa nyanda za juu, mkavu wa maneno, watu wote wakimwita sista. Kaka yake alikuwa fundi wa kompyuta Dar es Salaam, akamfundisha kutengeneza tovuti, na kila alipokuja Kibiti kuchukua dawa za zahanati sista alikuwa anakaa kwenye duka la kompyuta lililoendeshwa na jenereta na laini ya simu ya mezani. Yule mama alikuwa amemwendea kwa miguu yake akamwambia awaeleze watu kuwa hakuacha dawa wala dini. Basi sista akakinakili kijitabu chote kwenye tovuti yake, picha na nembo ya huduma juu kabisa, na chini yake akaandika kwa ruhusa ya mama kwamba dozi anaendelea nayo kila asubuhi. Ukurasa huo aliuchapisha akaubandika kwenye ubao wa zahanati. Watu wa delta wanaoishi Dar es Salaam wakausoma kwenye kompyuta, wakapiga simu nyumbani, na habari ikazunguka.

Haukupita mwezi, barua ya wakili wa huduma ikamfikia sista. Ilidai mambo matatu. Jina na nembo ya huduma vimesajiliwa, na sista amevitumia bila kibali. Kijitabu ni kazi ya huduma, amekinakili chote pamoja na picha. Na ushuhuda wenyewe ni mali ya huduma, kwa kuwa uliandikwa na mwandishi wake kazini, kwa hiyo hata mama mwenyewe hana ruhusa ya kuutoa kwingine, na alichoongeza sista ni uzushi. Wakili aliwaandikia pia watu wa ng'ambo waliokuwa wanaitunza ile tovuti kwenye mitambo yao. Hao hawakuuliza. Waliuondoa ukurasa, wakasema utarudi wakili akifuta madai yake au mahakama ikiamua. Na ule wa ubaoni, mkubwa wa sista wilayani aliagiza ubanduliwe kwanza.

Kwa hiyo kilichobaki delta nzima kikimsema yule mama kilikuwa kijitabu tu.

Sista alinikuta nyumbani nikianika mihogo. Hakukaa.

"Wewe ndiye uliyeandika," alisema. "Alisema nini siku ile?"

Nikamwambia nilichokumbuka, kwamba alishukuru, na kwamba nadhani alizitaja dawa.

"Unadhani?"

"Nadhani, sista. Siwezi kuapa."

"Basi wewe na hicho kijitabu ni ndugu," akasema, akaenda zake.

Maneno hayo yalinichoma kwa siku mbili. Ndipo nikakumbuka kitu, na hapa inabidi nieleze jinsi nilivyokuwa naandika.

Ushirika ulipofungwa, mimi nilibaki na maboksi ya vitabu vya stakabadhi ambavyo hakuna aliyekuja kuvidai. Huduma haikunipa karatasi, nami sikujua kuandika kwa namna nyingine. Kwa hiyo shuhuda niliziandika kwenye stakabadhi za korosho, kaboni katikati, maneno yakipita juu ya safu za kilo na daraja. Nikimaliza nilimsomea mtu alichosema, akikubali anaweka dole gumba juu ya kila nakala, kisha nakata. Nyeupe ya ofisi, ya waridi anapewa yeye. Nilifanya hivyo miaka mingi kwenye korosho, mkono ukaendelea wenyewe. Hakuna aliyenituma, na mchungaji sidhani kama aliwahi kujua. Mkulima wa Mtunda ungeweza kumnyima salamu akakusamehe, ila si nakala yake. Nami nikawapa wagonjwa nakala kana kwamba wameleta magunia.

Nilimfuata sista zahanati, tukaenda pamoja kwa yule mama. Tulimkuta barazani akisuka ukindu, amenenepa kidogo kuliko nilivyomwacha. Nikamwamkia, nikaanza kuzunguka kwa maneno marefu ya kuomba radhi. Alinikatiza.

"Bwana karani, umefuata nini?"

Nikamuuliza kama anaikumbuka karatasi ya waridi.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anayakumbuka majina ya wanawe. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za korosho za marehemu baba yake, kadi ya kliniki ya mtoto, na karatasi yangu, imekunjwa mara nne. Kusoma hakujua. Hakuna aliyemsomea tangu siku ile, na alikuwa hajui kama ina faida yoyote sasa.

"Ila najua ya rangi ni ya mkulima," alisema. "Na dole ni langu."

Niliisoma kwa sauti. Yote yalikuwemo. Kwamba aliletwa na shoga yake. Kwamba aliombewa akalala vizuri na anamshukuru Mungu. Kwamba vidonge anameza kila asubuhi na hajaambiwa na yeyote aviache. Kwamba yeye ni Mwislamu na atakufa Mwislamu, na kuombewa hakukumwondoa huko. Hati yangu mbaya, lakini yangu. Sista alinipiga begani, na hiyo kwake ilikuwa sawa na kunikumbatia.

Mchungaji alikubali tukutane ofisini kwake, wakili akiwepo. Niliogopa. Huyu alikuwa mwajiri wangu, na nilikuwa naingia mlangoni kwake upande wa watu wengine. Nilimwambia sista kabla hatujaingia kwamba kwa maoni yangu wana haki juu ya nembo, na juu ya kijitabu alichokinakili chote. Nembo ni yao, hata kama mimi na yeye hatupendi kilichoandikwa chini yake. Alinuna, lakini alipokaa kitini jambo la kwanza alilosema lilikuwa hilo: nembo na kijitabu ataviondoa, hana haja navyo. Wakili akaandika, akaonekana kufurahi. Alikuwa kijana nadhifu, mpole, sikuona ubaya wowote kwake.

"Basi umebaki ushuhuda," alisema.

Mama akaiweka karatasi mezani na kuinyoosha kwa viganja.

Wakili aliigeuza mbele na nyuma. "Hii ni stakabadhi ya korosho."

"Ndiyo, baba," mama akajibu. "Soma kilo zangu."

Mchungaji alicheka kidogo, halafu akaacha. Wakili alisoma kimya, akarudia, kisha akamwomba mchungaji faili. Karatasi nyeupe ilikuwemo, namba yake ileile, dole lilelile juu. Ila iliishia kwenye kumshukuru Mungu. Chini yake ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka kabisa.

Sitasema nani alikata, kwa sababu sikumwona. Faili ile ilipita mikono mingi, Kibiti na Dar es Salaam. Nilimtazama mchungaji, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa mshangao. Huenda nilitaka kuuona mshangao. Nimelifikiria hilo miaka mingi sijapata jibu.

Wakili aliniuliza kama hati ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza niliandika kwa niaba ya nani. Swali hilo nililiogopa tangu Mbuchi, na nilikuwa nimeandaa jibu refu. Likanipotea lote.

"Mimi niliandika tu," nikasema. "Aliyesema ni yeye. Ndiyo maana nilimpa nakala."

Wakili alimwinamia mchungaji, wakanong'ona. Sikusikia yote. Nilisikia akisema barua yake iliita maneno ya mama uzushi, na hawezi kusimama mahali popote kuyarudia hayo akijua karatasi hii ipo.

Mchungaji alivua miwani. Alimgeukia mama, si sista wala mimi.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka maneno yangu," alisema. "Yenu chukueni."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari jioni ile nikaipigia mistari miwili chini, jambo ambalo huwa sifanyi.

Wakili alifuta madai kuhusu ushuhuda na picha, akawaandikia watu wa ng'ambo palepale kwenye karatasi yenye jina la ofisi yake. Mchungaji aliahidi vijitabu vilivyobaki havitagawiwa, na alitimiza; niliviona mwenyewe vikirudi kwenye maboksi. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu akasema huduma yake haimkatazi mtu dawa. Alisema kwa kifupi, na kwa uso mgumu, lakini alisema. Mimi kazi iliisha mwezi uleule, kwa heshima, tukiagana kwa mikono miwili. Sikusikitika kama nilivyotarajia. Nilitembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi, mtu mzima, mbele za watu.

Ukurasa ulirudi. Sista alimleta mama Kibiti tuuone, naye mumewe akaja, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Kwenye duka la kompyuta tulisimama nyuma ya kiti watu wanne, jenereta likinguruma nje, na ukurasa ukashuka mstari mmoja mmoja kama pazia. Haukuwa na nembo wala kijitabu. Ulikuwa na picha yake na maneno ya ile karatasi ya waridi, yote, na nusu iliyokatwa ikiwemo. Sista alisoma kwa sauti. Mume alisimama ameshika kofia yake mkononi, na mwenye duka akaacha kazi zake kusikiliza. Sista aliposoma "mimi ni Mwislamu", mume alimtazama mkewe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Yule jirani alikuwa amekwisha kurudi zahanati, ameanza dozi upya. Sista alimwambia mama hayo tukiwa tumesimama pale, na mama akamshukuru Mungu, halafu akakigusa kioo kwa kidole.

"Hapa pamekwisha?"

Sista akasema pamekwisha, ndivyo ilivyoandikwa siku ile.

"Siku ile nilikuwa bado nameza. Sasa nimemaliza miezi yote minane, na makohozi umepima mwenyewe. Ongeza."

Sista akanitazama mimi, kana kwamba nina kauli. Nilisema maneno ni yake. Sista akavuta kibao cha herufi, na mama akaanza kusema taratibu, akingoja kila neno lionekane kabla ya kutoa jingine.