Kikaango cha Wifi

Mjukuu wangu, wenye kalamu wote wa ukoo huu umewaruka, ukaja kwangu niliyeishia darasa la tatu, eti niandike habari za wifi yangu zisomwe siku anapotimiza miaka themanini. Mimi natimiza mwakani. Tutaona nani ataniandika.

Haya. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa akishona sare za wauguzi. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja. Ni mrefu, hana haraka, na meno yake yote anayo mpaka leo, jambo ambalo nalo linaniudhi. Alikuwa akipika, na bado anapika, bia nyeusi ya shayiri, nzito, yenye povu la kahawia linalobaki juu ya mdomo. Mume wangu akinywa yangu husema, "Si mbaya." Akinywa ya dada yake hufumba macho. Miaka ishirini na sita namwona anafumba macho! Mimi hakunifumbia hata siku ya harusi.

Yangu ilikuwa na rangi ya chai tu. Sikuuliza anafanyaje. Nimuulize, ili iweje? Nilijua anakaanga kimea, maana harufu ilivuka ukuta.

Mume wangu alipokaribia kustaafu kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, tukapanga kualika wenzake. Akaniambia, "Mama, si umwambie dada atupikie?"

"Nyumba hii ina mwenyewe," nikamjibu. "Safari hii utafumba macho kwa ajili yangu."

Nikaotesha shayiri kilo kumi na mbili, nikaianika, nikaikaanga yote mpaka ikawa makaa. Yote! Yeye anaweka nyeusi, mimi naweka nyeusi zaidi. Nikailoweka; maji yalipotoka meusi tii nikacheka peke yangu. Nikatia hamira.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nikategea pipa sikio. Pombe inayoiva hunong'ona. Hii ilikuwa imenuna kama mgeni asiyekaribishwa. Kuonja, masizi matupu. Zimebaki siku tisa wageni waje.

Mlango ukagongwa. Wifi huyo, mkono mmoja kikaango chake cha chuma, mkono mwingine ndoo ya kimea.

"Wifi, ile harufu ya juzi nilidhani unachoma godoro."

"Nani kakutuma?"

"Pua. Umekaanga yote?"

Nikalifunika pipa.

"Ukiunguza yote umeua utamu. Hamira itakula nini, makaa? Kwenye konzi kumi za kimea, unaunguza moja tu, kwa kikaango hiki. Hebu sogea."

"Sisogei. Jiko langu hili."

"Basi simama hapo hapo, nitakuzunguka."

Na akanizunguka kweli! Akamwaga zaidi ya nusu ya uchungu wangu, akaloweka kimea chake kisichokaangwa kwenye maji ya moto, akipima kwa kidole, akakiacha kikatoa utamu. Akachuja, akachemsha, akapoza, akachanganya na yale meusi, akatia hamira mpya. Mimi nimesimama katikati kama nguzo. Kesho yake pipa likanong'ona.

Siku yenyewe mume wangu akanywa, akafumba macho. Akayafumbua, akasema mbele ya kiwanda kizima, "Leo mke wangu kamshinda dada!"

Nikamtazama wifi. Neno lake moja tu lingeniacha uchi mbele za watu. Akainua bilauri.

"Kanishinda kweli," akasema, akanywa.

Unadhani nilifurahi? Usiku ule nilimchukia kuliko siku zote. Nilimwonea wivu kwa bia, kwa meno, kwa kaka yake. Tangu hapo namwonea wivu kwa ule ukimya. Ningekuwa mimi, ningesema. Ningesema kabla povu halijatulia. Mume wangu amekufa akijua nilishinda, na watu wawili tu ndio tunaojua nani alipika. Sasa mko wengi.

Kikaango alikiacha kwangu siku ile. Hajakiulizia miaka kumi na tisa, na mimi sijakipeleka, maana kukipeleka ni lazima useme neno. Kiko chini ya kabati, nimekipaka mafuta kisishike kutu. Ukimaliza kusoma kipeleke wewe, wewe uliyenichokoza. Na usirudi mikono mitupu: niletee jagi la ile nyeusi. Lijae.