Mwewe Aliyezoea Sauti Yangu

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alitengeneza meno bandia kwa miaka thelathini na moja, na wapo waheshimiwa wengi katika mji huu wanaocheka kwa kazi ya mikono yake. Siwataji. Alipostaafu alirudi nyumbani na koleo zake ndogo, akageuza chumba cha uani kuwa hospitali ya ndege wa porini. Nasema hospitali kwa sababu majirani walisema mengine, na mimi, niliyeingia nyumba hii na cheti cha ualimu mkononi, sikubali ukoo wetu utiwe midomoni ovyo.

Kazi hiyo ina masharti. Kinda yatima hasemeshwi, wala haoneshwi uso wa mtu. Wifi hujifunika shuka la kijivu gubigubi, akapenyeza nyama kwa koleo kwenye tundu la pazia, kimya kabisa.

"Akinipenda, nimemuua," aliniambia.

Ndege anayedhani binadamu ni mama yake humfuata yeyote, na si kila mtu ana nyama mkononi. Wengine wana mawe.

Wakata miti walituletea kinda wa mwewe aliyevunjika bawa. Wifi alilifunga kwa subira ileile ya kupanga meno, likaunga. Jirani yetu fundi saa, ambaye kila mtu humwita Bwana Dakika kwa kuwa hajawahi kufika popote kwa wakati, anafuga kuku. Aliniuliza getini kama siku hizi tunalea wezi. Nilimjibu kwamba kwetu hata mwizi hufunzwa adabu.

Jibu lilinipendeza kupita kiasi, na ndilo lililoniponza. Kila wifi alipokwenda buchani, niliingia chumba kile bila shuka, ati nimfunze adabu mwenyewe, nikamlisha mwewe kwa vidole na kumwita "bwana mkubwa". Akaanza kuniitika. Tangu mume wangu aondoke, hakuna aliyeniitika vile.

Siku ya kumrusha niliwaalika majirani na kupanga viti. Wifi hakupenda, ila alinistahi. Mwewe aliruka vizuri, mabawa sawasawa, akapita juu ya paa, nami nikasimama kusema maneno mawili. Kusikia sauti yangu, akageuka. Alitua kwenye kiti changu, akanipanulia mdomo.

"Mama, mwanao anadai chakula," Bwana Dakika alisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Wifi alimtazama ndege, akanitazama mimi, akaelewa yote. Kisha akawaambia watu kwamba kosa ni lake, amekosea malezi. Mtu ambaye hajawahi kurudishiwa hata jino moja! Nikasikia mmoja akinong'ona kwamba uzee umemwingia. Ningenyamaza, heshima yangu ingebaki salama na yake ingezikwa pale pale. Lakini jina la nyumba ni moja, halikatwi mapande.

"Hakukosea," nilisema. "Nimemharibu mimi, kwa kumsemesha kwa siri."

Jikoni, baada ya watu kuondoka, nilingoja lawama. Wifi alikuwa anaosha vikombe.

"Ungeniambia unataka mtu wa kuongea naye," alisema. "Mimi si nalala chumba cha pili?"

Mwewe alihamishiwa kizimba cha mwisho wa uwanja, pamoja na mwewe aliyekomaa mwenye jicho bovu, amfunze umwewe. Mimi nikapigwa marufuku kupita upande ule. Wiki saba nilihamishia maneno yangu yote kwa wifi, naye alivumilia, ingawa mara mbili alinitishia shuka la kijivu.

Safari ya pili hapakuwa na viti. Mlango wa kizimba ulifunguliwa, mwewe akapaa. Wifi akanigusa kiwiko.

"Mwite."

Nikaita, "Bwana mkubwa!", kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma. Alizunguka mara mbili juu yetu, hakuinamisha hata kichwa, akashika njia ya mtoni na kutoweka.

Nimesoma, nimefundisha, nimeamkiwa na watu wakubwa. Kudharauliwa kulikonifurahisha ni kule tu.

Ng'ambo ya ukuta Bwana Dakika alikuwa amekwisha kuwafungia vifaranga wake. Kwa mara ya kwanza maishani, aliwahi.