Mitungi Kumi na Miwili ya Mafuta

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba hapa Kihoto kando ya ziwa, na kichwa kigumu ajabu. Nilikuwa nimeomba kwa majirani mitungi kumi na miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya plastiki iliyokuwa itupwe, nikaifunga kwa kamba chini ya mbao za kitanda kilichovunjika, ikawa boti yangu. Nilitaka kuwashinda vijana wa mtaa kupiga makasia hadi kwenye mafunjo na kurudi. Mitungi minne haikuwa na vifuniko. Nikaiziba kwa magunzi ya mahindi, kama tulivyoziba mitungi ya maji nyumbani, nikajiona fundi.

Jirani yetu Mama Atieno, muuza samaki, alinikuta ufuoni nikimpandisha dadangu Njeri, mtoto wa miaka saba asiyejua kuogelea.

"Wewe, hii kitu umepima?"

"Iko sawa, Mama Atieno. Nimefunga vizuri."

"Sijauliza kama umefunga. Nauliza kama umepima."

Nikasukuma tu. Basi gunzi likikaa ndani ya maji hulegea, na mimi sikulijua hilo. Hata hatujafika mbali, upande mmoja ukazama na Njeri akateleza majini. Niliogopa, mwanangu, sitakudanganya. Mama Atieno aliingia ziwani na leso zake zote, maji yakamfika kiunoni, akamnyakua. Njeri akakohoa, akapangusa uso, akauliza, "Tunarudia saa ngapi?" Ufuo mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka huku nikilia.

Mama Atieno hakunichapa. Alileta karai la maji, tukazamisha mtungi mmoja mmoja na kuufinya, na kila uliotoa mapovu tukauweka kando. "Mtoto ya watu si ya kujaribia boti," akaniambia. Wiki iliyofuata nilishindana. Nilikuwa wa mwisho, lakini nilirudi nikiwa mkavu, na vigelegele nilipigiwa mimi.

Sasa nakuona na chupa zako za soda, unaunda kayaki, na moyo wangu unacheza. Sikukatazi. Pima kila chupa. Panda kwanza peke yako, karibu na ufuo, umevaa jaketi la kuelea. Na mtu mzima akikuuliza swali, usimjibu haraka ili anyamaze. Mimi nilijibu hivyo, nusura nimpoteze dadangu. Ukishamaliza kupima, niite, maana hamu ya kupanda haijaniisha.

Mungu aibariki mikono yako, akutulizie ziwa, na kila utakayempakia umrudishe kwa mamake akicheka.