Kiti Kitupu Mwishoni mwa Gemu

Ofisini walimwita Fundi Maneno, kwa sababu wenzake walichora gemu na kuzifanya zitembee, naye alizitungia hadithi. Kazi ya kukaa, walisema wenye wivu, lakini mgongo wake ulijua ukweli. Kila asubuhi alimwogesha mkewe, ambaye kiharusi kilimlemaza upande wa kulia, akamlisha, akamwachia shemeji yake, ndipo akafika kazini akiwa hoi bin taaban.

Gemu yake mpya haikuwa na bunduki wala mbio. Mzee anachemsha maji, anampikia mkewe chai, anamfungulia dirisha, wanaongea. Kesho yake tena. Basi.

"Hadithi isiyomshtua mtu ni uji bila sukari," bosi alimwambia. "Mwishoni mchezaji agundue kuwa mke alishakufa kitambo. Mzee anaongea na kiti."

Fundi Maneno alibisha kidogo, kisha akaishiwa nguvu. Mwenye nguvu mpishe. Aliandika tukio la kiti kitupu kwa mkupuo mmoja tu, na kilichomuudhi ni jinsi kilivyomjia kwa urahisi.

Sasa, desturi ya ofisi ile ni kwamba gemu haipiti mpaka ichezwe na mtu asiyeijua, mtunzi akiwa ameketi nyuma yake kimya, asieleze wala asijitetee. Mchezaji wao wa kawaida alikuwa safarini. "Mtafute mtu wa nyumbani," bosi akasema. Shemeji hakupenda gemu za simu. Akabaki mke.

Jumamosi mchana akamwegemeza kwenye mito, akampa simu mkono wa kushoto, akakaa nyuma yake. Alichowaza ni kuimaliza kazi tu, na hapo ndipo alipokosea.

Mkewe alicheza huku akicheka. "Tazama anavyosonya sufuria ikichelewa! Wewe huyo!" Akachemsha maji, akapika chai, akafungua dirisha, siku baada ya siku, wala hakuchoka. "Leo mama wa watu kaamka vizuri," akasema juu ya mke wa yule mzee, kama anayemsifia jirani.

Kisha kikaja kiti kitupu.

Kidole gumba kikasimama. Nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika chumba kizima. Fundi Maneno aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Nani kaandika hapa?" mkewe akauliza bila kugeuka.

Desturi ilimtaka anyamaze. "Mimi."

"Umechoka kiasi hicho, mume wangu?"

Angeweza kumtaja bosi. Ingekuwa kweli, lakini nusu tu. "Nimechoka," akasema, na machozi yakamtoka. "Nimechoka sana, mke wangu. Lakini sitaki ufe."

"Basi kafute." Akamrudishia simu. "Mimi siku ikipita bila jipya, nashukuru."

Akafuta. Bosi angesema yake Jumatatu. Kisha akaenda jikoni kuchemsha maji, na sufuria ilipochelewa akasonya. Kutoka chumbani akasikia kicheko.