Siku Mama Alipokataa Baiskeli

Juzi jirani yangu hapa Nyasubi, Kahama, mama mmoja aliyehamia mjini na desturi zake zote za kijijini, alichoma kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kigae ili kufukuza mbu. Wapangaji wenzangu walifunga madirisha wakinung'unika. Mimi nilifungua langu. Moshi ule mzito, wenye harufu ya nyasi na vumbi, ulinichoma macho, na kabla sijayafuta nilikuwa nimeshafika Samuye, jikoni kwa mama yangu.

Kwetu miti ilikuwa imekwisha zamani. Tulipikia mabua ya pamba, na yakiisha tulipikia samadi kavu. Baba alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akirudi wakati wa kulima, na mwaka mwingine harudi kabisa. Basi mlezi, mkulima na mchungaji wa nyumba yetu alikuwa Mama. Aliomba kwa Kisukuma, kama mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya ua wa minyaa. Na aliomba macho wazi, maana kuku wetu walijua kwamba watu wakifumba macho, michembe, vile vipande vya viazi vitamu, iliyoanikwa uani haina mlinzi. Siku moja alikatiza Baba Yetu katikati, akamtupia jogoo kandambili, akarudi kwenye mkate wa kila siku bila kubadili sauti.

"Imani isiyoingia jikoni," alikuwa akisema, "haijafika nyumbani."

Kwenye nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Bibi Minza, mjane ambaye watoto wake wote walimtangulia. Alikuwa mfupi, mwepesi kama kuku wa kienyeji, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote ile. Kwenye pindo la kitenge chake hakukosa kufunga matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na kila mtoto aliyempitia na kumwamkia alipata kipande. Vilikuwa vigumu kama kokoto. Ulikinyonya njiani mpaka shuleni, utamu ukija polepole.

Kisha masika moja, watoto wawili wa nyumba iliyo bondeni walikufa kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Ndugu zao walikwenda kwa mganga kupiga ramli. Waliporudi hawakusema kitu hadharani, lakini kuanzia siku hiyo salamu za Bibi Minza zilikosa wa kuziitikia. Alisimama mlangoni asubuhi, akasema "Mwangaluka", na watu wakapita kama wanaopita kisiki. Sisi watoto tulikatazwa matobolwa yake. Mambo yaliyokuwa yakiwapata mabibi wenye macho mekundu, walioitwa wachawi, katika vijiji vingine yalisemwa kwa sauti ya chini, na tulipokaribia, wakubwa walihamisha mazungumzo kwenye bei ya pamba. Nilijua kuna jambo. Sikujua lina ukubwa gani.

Kanisani, Bibi Minza alianza kuketi peke yake kwenye benchi la mwisho. Mwinjilisti wetu alihubiri dhidi ya ramli mpaka jasho likamlowesha kola, na watu wakaitikia amina kwa nguvu, wakiwemo waliovaa hirizi chini ya nguo za Jumapili. Shangazi Milembe, dada yake Baba, alikuwa nayo kiunoni, nami niliijua kwa sababu nilioga naye kisimani. Na bado hakuna aliyeimba sauti ya kwanza kama yeye.

Miezi hiyo ndiyo Mama alipojifungua mdogo wangu Samweli. Jumapili aliyompeleka kanisani kuombewa, alipomaliza hakurudi mahali petu. Alitembea katikati ya mabenchi mpaka nyuma kabisa, akaketi karibu na Bibi Minza, akamlaza mtoto mapajani pake.

"Bibi, nishikie mjukuu wako," alisema. "Mgongo unaniuma."

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo. Sauti ya kwanza ikakatika.

Haikupita wiki, Samweli aliamka anaungua kwa homa. Hakunyonya, na kichwa chake kililegea. Kufika saa za kukamua, Shangazi Milembe alikuwa kwetu na mumewe, ambaye alikuja na baiskeli. Nyuma yao, nje ya ua, walisimama wanaume kadhaa, wengine wa nyumba ile ya bondeni. Mmoja alikuwa akichora ardhini kwa ncha ya fimbo yake.

"Wifi, tulikwambia," Shangazi alisema huku analia. "Ulimpa mtoto kwa mkono wako mwenyewe. Haya, panda baiskeli, uwahi zahanati."

Mama alimfunga Samweli kifuani. Aliitazama baiskeli, akawatazama wale wanaume, kisha akasema, "Nitakwenda na mkokoteni wa punda. Kabula, kimbia kwa mzee wa kanisa, mwambie naomba punda wake sasa hivi."

Kabula ni mimi. Nilikimbia huku nimekasirika, maana hata mtoto anajua baiskeli humshinda punda. Mkokoteni ulipofika, Mama alipanda, na mbele ya nyumba ya Bibi Minza akamwomba mzee asimame.

"Bibi, chukua khanga yako. Tunakwenda zahanati."

Bibi Minza alitokea mlangoni akishikilia mwimo. "Mimi, mayu, mama yangu? Mimi tena?"

"Wewe. Nani atanishikia mtoto njiani?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Mshika mtoto wa nyumba ile nilikuwa mimi. Nilimbeba Samweli mgongoni tangu kitovu chake kilipodondoka. Niliutazama mkokoteni ukizama kwenye vumbi, Bibi Minza na mama yangu wameketi bega kwa bega, nikakaa chini nikalia, na Shangazi akadhani namlilia mtoto.

Walirudi kesho yake jua likiwa limelala. Samweli alikuwa amechomwa sindano za malaria na alikuwa akilia kwa nguvu, kilio kizuri, cha njaa. Alikuwa mgongoni kwa Bibi Minza. Mama aliomba washuke mwanzo wa kijiji, wakatembea kwa miguu wakipita mbele ya kila nyumba. Watu walisimama milangoni wakitazama. Shangazi Milembe alikuwa anatwanga. Aliuweka mchi chini, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwadila, Bibi," alimsalimia mwishowe.

"Mwadila, mwanangu," Bibi Minza aliitikia.

Si wote waliogeuza mioyo. Watu wa bondeni hawakumsalimia mpaka walipohama. Lakini Bibi Minza aliishi, akazeeka zaidi ya uzee wake, akafa kitandani mwake, na Samweli alikuwa miongoni mwa vijana waliolibeba jeneza.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya Samweli: mama aliyemtumaini Mungu, na mtoto akapona. Mwaka jana binti yangu alipata homa kama ile. Nilikaa naye kwenye benchi la hospitali hapa Kahama, na katika dunia yote hapakuwa na mtu mwingine. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinishika bega akiomba nimsogezee maji, nami sikumsikia hata aliporudia. Mtoto akiwa anaungua mikononi mwako, huna nafasi ya mwingine. Ndipo nikawakumbuka wale wanaume waliosimama nje ya ua, na baiskeli yenye nafasi ya mtu mmoja, na Bibi Minza ambaye angebaki nao kijijini.

Binti yangu alipopona nilikwenda Samuye. Mama alikuwa uani akibangua karanga. Nilimuuliza kama kweli siku ile alimchukua Bibi Minza ili amshikie mtoto.

"Nilimshika mwenyewe njia nzima ya kwenda," alisema. "Mikono ya Bibi ilikuwa inatetemeka mno."

"Uliogopa, Mama?"

"Sana. Kila punda alipopunguza mwendo nilitamani ile baiskeli."

Alipuliza maganda kiganjani, akanitazama kana kwamba swali langu lilikuwa na jibu jepesi ambalo mtu mzima kama mimi angepaswa kulijua.

"Samweli alikuwa na mimi," alisema. "Bibi tungemwachia nani?"