Uliyemtolea Ng'ombe

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia mwili hunisisimka. Tulikuwa machimboni, nje kidogo ya Katoro. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amejifungua pacha, hata miezi miwili haijaisha, nami nikamrudisha kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara, shimo letu la dhahabu.

Akikohoa, mkojo ulimtoka. Akicheka, vivyo hivyo. Aliponiambia sikumhofia yeye. Niliwahofia wachimbaji wenzangu, maana kule tuliamini mwanamke wa namna hiyo hufukuza dhahabu. Nikamwambia, "Nyamaza, wakijua watatutimua." Akanyamaza, akawa anajifunga khanga tatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi ndiye niliyemfundisha kuficha.

Asubuhi moja alitua kiroba, akachuchumaa. "Baba Kulwa, kuna kitu kinatoka. Ninakufa."

Niliona nyama imejitokeza, nikadhani ni utumbo. Pacha nikawaacha kwa jirani, mama yao nikampakia kwenye baiskeli, nikaisukuma hadi hospitali huku nikimwita jina kila hatua chache, nisije nikawa nasukuma maiti.

Muuguzi mmoja mtu mzima alimpima, kisha akanigeukia. "Kizazi kimeshuka. Hebu niambie baba, ng'ombe wako akizaa, kesho yake unamfunga plau?"

"Hapana, mama."

"Kumbe ng'ombe unamhurumia, uliyemtolea ng'ombe humhurumii!"

Alitueleza kuwa chini ya nyonga ipo misuli inayobeba kibofu na kizazi. Uzazi huilegeza, mizigo mizito huichosha zaidi. Akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, aliyemfundisha Mama Kulwa kuibana kama anayezuia mkojo, bila kubana pumzi, kisha kuilegeza taratibu, kila siku. Maji na kuni nikabeba mimi, wenzangu wakicheka. Miezi mingi tuliogopa kila kikohozi. Mkojo ulikoma. Kizazi hakikurudi chote, na mpaka leo akiinama kuokota kitu, mimi moyo hunipiga.

Mwanangu, mkeo akikwambia jambo la chini ya kitovu, usimnyamazishe. Mpumzishe akijifungua. Mpeleke akapimwe mapema, na uende naye, maana si kila mkojo unaovuja hutibiwa kwa mazoezi. Mwingine huhitaji upasuaji. Mungu akupe sikio la kusikia neno dogo la mkeo kabla halijawa kilio.