Chaneli ya Mwalimu Shakib

Mwalimu wa kemia aliondoka katikati ya muhula bila kuaga mtu. Asubuhi kabati lake lilikutwa tupu, na kufikia mchana mkuu wa shule, Bwana Oola, alikuwa amemwita Mwanawetu ofisini.

Mwanawetu hakuwa mwalimu. Alitunza chumba cha kompyuta cha shule ile ndogo iliyojishikiza kwenye mteremko wa Mbuya, Kampala. Alifuta vumbi, akafukuza waliokuja kutazama mpira, akaomba umeme usikatike. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, wa ukoo wa wale Waswahili ambao babu zao walifika Buganda na misafara ya biashara wakabaki.

"Nyabo Mwanawetu," Oola alimwambia kwa adabu ya Kiganda, "watoto wa kidato cha nne wako na mtihani, na mwalimu hakuna. Ingia intaneti, tafuta vidio za kusomesha. Za maana, si zile za kuchekacheka."

Akaingia kazini. Hakujua kwamba kuna watu wengi duniani wanaofundisha kemia mbele ya simu. Kuna aliyesema mbio kama anafukuzwa, na kuna aliyesoma kitabu huku kainamisha kichwa, hata sura yake huioni. Mwingine alikuwa na chupa za rangi na moshi, watoto wakafurahi, lakini ukiwauliza wamejifunza nini wanakutazama tu. Mwingine kila baada ya maneno mawili alisihi watu wabonyeze kengele. Mwanawetu mwenyewe kemia alikuwa ameisahau, kwa hiyo akabuni namna yake ya kupima. Alimkalisha mbele ya kompyuta msichana mmoja anayeitwa Jannat, ambaye somo hilo lilikuwa limemshinda kabisa, kisha akatazama uso wake badala ya kioo. Jannat akikunja paji la uso, chaneli imeanguka.

Siku kadhaa paji lile halikukunjuka. Halafu ikaja chaneli isiyo na picha ya mtu. Kulikuwa na ubao mweusi, mkono uliovaa shati la kijivu lenye mikono mirefu, chaki, na sauti. Sauti ile haikuwa na haraka. Ilifundisha kwa Kiingereza, na jambo likiwa gumu ikahamia Kiganda au Kiswahili, kama mtu anayekushika mkono mnapovuka mtaro.

"Pole pole," ilisema. "Moli haina miguu, haitatukimbia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Jannat akajibu, kisha akaona haya kwa kuijibu kompyuta.

Tangu siku hiyo darasa zima lilikuwa la Mwalimu Shakib. Kila Ijumaa baada ya swala aliweka somo jipya, na Jumatatu Mwanawetu alilionyesha ukutani kwa projekta. Alama zikaanza kupanda. Oola alifurahi, akataka mwalimu huyo aalikwe aje aonane na wanafunzi kabla ya mtihani.

Mwanawetu ndipo alipoanza kuangalia vizuri. Shati lilikuwa lilelile katika kila somo. Wanafunzi wa huku na huku waliandika maswali chini ya video, maswali marefu, wengine wakieleza na shida za nyumbani, na jibu lilikuwa moja tu kwa wote: "Asante. Soma kwa bidii." Jannat alikuwa ameuliza mara nyingi kuhusu asidi. Aliambiwa asome kwa bidii. Mtu mwenye subira kiasi kile kwenye ubao, Mwanawetu aliwaza, mbona akiandika anakuwa kama mtu mwingine?

Alipiga namba iliyowekwa kwenye chaneli. Mwanamume alipokea, nyuma yake nyundo zikigonga mabati.

"Namtafuta Mwalimu Shakib. Tunataka kumwalika shuleni."

Nyundo zikafifia kidogo, kama mtu anayesogea kando.

"Mwalimu hawezi kuja," mtu yule akasema, akakata.

Nyundo hizo Mwanawetu alizifahamu. Zilikuwamo pia ndani ya video, kwa mbali, pamoja na adhana. Mahali penye nyundo nyingi namna ile Kampala ni Katwe. Jumamosi akashuka huko, akauliza karakana hadi karakana, hadi mama muuza chai alipomwonyesha kwa kidole.

Karakana ilikuwa ya majiko na mageti. Ukutani, nyuma ya mageti yaliyoegemezwa, palikuwa na karatasi kubwa ya nailoni, na chini ya nailoni ubao uleule. Mwandiko ulikuwa bado upo. Mwanawetu akasogea kuusoma.

Mwenye karakana alivua miwani ya kuchomelea. Jina lake Akram, Mnubi mwenye mabega mapana, na alipomwona mgeni anautazama ubao akajua.

"Wewe ndiye uliyepiga simu."

"Ndiyo. Mwalimu yuko wapi?"

"Dada yangu, mwalimu tulimzika mwaka jana."

"Mwaka jana vipi? Ijumaa iliyopita amesomesha!"

"Ni mimi," Akram akasema. "Mimi ndiye namtoa."

Akamwekea stuli, akasimulia. Walikuwa marafiki tangu madrasa. Shule zilipofungwa ule wakati wa ugonjwa wa korona, Shakib alipoteza kazi, akawa anashinda hapa karakanani. Akram akampakia bati rangi nyeusi, akamshikia simu, Shakib akafundisha. Shule zilipofunguliwa alikuwa ameshaanza kukohoa, na hakuna shule iliyotaka mwalimu anayekohoa. Akazidi kurekodi, somo juu ya somo, kama mtu anayeona jua linazama na bado ana nguo za kuanua. Alipokufa, nyingi zilikuwa zimebaki ndani ya simu ya Akram.

"Ungeziweka zote siku moja," Mwanawetu alisema taratibu.

"Nikiziweka zote atakuwa amemaliza kusema." Akram alitazama mikono yake. "Kila Ijumaa natoa moja. Siku hiyo nasikia kama yuko hapa nyuma yangu, ananiambia sogeza simu, huoni ubao."

"Na wanaomuuliza maswali?"

"Nawajibu mimi. Kemia siijui. Ningewaambia nini?"

Mama wa Shakib, Hajati Zuleika, alikuwa akiishi uani, nyuma ya msikiti, mwendo mfupi kutoka pale. Hakujua lolote. Hakuwa na simu ya kuonyesha video, na Akram kila alipomtembelea alishindwa kufungua mdomo. Mwanawetu alimwambia kwamba mama akija kuambiwa na mtu wa pembeni itakuwa dhambi yao wote wawili. Akram alikubali kwa masharti kwamba waende pamoja, na kwamba yeye asiwe wa kubonyeza.

Walimkuta Hajati akichagua mchele kwenye ungo. Alisikiliza maelezo yao bila kuinua macho. Mwanawetu akabonyeza.

Sauti ilipotoka, Hajati hakuitazama simu. Aligeuza kichwa mlangoni, upesi, kama mama anayeitwa na mwanawe anayevua viatu nje. Akabaki hivyo, akiutazama mlango mtupu, huku Shakib akieleza jinsi chumvi inavyopatikana. Akaeleza vizuri, akacheka kidogo, kisha akakohoa.

"Zima!" Hajati akasema.

Mwanawetu akazima. Akram alikuwa ameshafunika uso.

Hajati aliusogeza ungo kando, akasema, "Washa tena. Irudishe nyuma, kabla hajakohoa."

Walisikiliza hivyo mara nyingi, kila mara wakisimama kabla ya kikohozi. Mwishowe aliuliza kama hao wanaomsikiliza wanajua kwamba hayuko.

"Hapana, Hajati," Akram akajibu.

"Basi wanamsalimia mtu aliye kaburini, na hakuna anayemwombea. Mwanangu mmemfanya mzuka, Akram. Waambieni."

Akram akaandika kwenye chaneli siku hiyohiyo. Jumatatu Mwanawetu akawaambia darasa.

Hakutegemea lililotokea. Jannat alilia, hilo alilitarajia. Lakini projekta ilipowashwa na mkono wa shati la kijivu kutokea ukutani, madawati ya mbele yakasukumwa nyuma kwa kishindo. Msichana anayeitwa Babra aliapa kwamba kabla mwalimu hajaanza kusema anasikika mtu akivuta pumzi ndani ya chumba, si ndani ya spika. Wengine wakasema na wao wamesikia. Kufikia katikati ya somo chumba kilikuwa kitupu, na mkono ukaendelea kuandika peke yake, ukauliza, "Tumeelewana?" na kusubiri jibu.

Mwanawetu alizima. Hakuwaambia watoto, lakini na yeye siku hizo hakuweza kufuta vumbi chumbani humo bila kusikia chaki nyuma yake. Akigeuka, ukuta mweupe. Oola akamshauri aiache tu hiyo chaneli, atafute nyingine, mtihani hausubiri. Alitafuta. Kila sauti aliyoifungua ilimtia haya, kana kwamba anamsaliti Shakib, akaifunga.

Aliyeimaliza hofu hiyo ni Hajati Zuleika. Akram alimleta kwa bodaboda, amevaa buibui lake la Idi. Aliingia darasani, akakaa benchi la nyuma kabisa, akawaambia wanafunzi waliosimama mlangoni:

"Njooni mkae. Nyinyi mnaogopa sauti ya mwanangu? Mimi nimeibeba tumboni. Alipokuwa mdogo alikuwa akiogopa giza kuliko nyinyi."

Mmoja akacheka, kwa woga. Jannat akawa wa kwanza kuingia, akakaa karibu naye. Somo likawashwa. Hajati Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na kemia hakuijua kabisa, lakini kila sauti ilipouliza kama wameelewana, yeye alitikisa kichwa kwa heshima, kama mgeni kwenye hotuba. Watoto wakaanza kutikisa naye. Kila Jumatatu alikuja. Aliposikia kikohozi alifumba macho tu, na baada ya somo waliomba dua fupi, Waislamu na Wakristo, kila mmoja kwa namna yake.

Siku moja Akram aliwaita Hajati na Mwanawetu karakanani. Imebaki moja, alisema, na hajui kama ni ya kuonyeshwa watu.

Katika video hiyo Shakib aliandika kichwa cha somo la elektrolisisi. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umepinda. Ndio ule uliokuwa ukutani chini ya nailoni. Aliweka chaki chini. Kwa mara ya kwanza akageuka, na uso wake ukaonekana, umekonda, umejaa jasho.

"Akram, zima kwanza," alisema. "Nipumzike kidogo. Tutaendelea."

Lakini Akram hakuzima mara moja. Simu iliendelea kuutazama ubao, na nyayo zikasikika zikitoka nje taratibu.

Hajati alinyoosha mkono. "Hii si ya wanafunzi," alisema. "Hii nipe mimi."

Akram alimnunulia simu akamwekea video ile peke yake. Tangu hapo Hajati hakuja tena Mbuya. Jirani zake walisema mchana hujifungia ndani, na ukipita dirishani unasikia sauti ya mwanamume ikisema itapumzika kidogo, kisha kimya, kisha inasema tena. Mwanawetu alimtembelea. Alimkuta mchangamfu, ametengeneza chai. Vikombe vilikuwa vitatu, nao walikuwa wawili.

Elektrolisisi ilikuwa bado haijafundishwa, na mtihani ulikuwa unakaribia. Mwanawetu akarudi kutafuta, safari hii bila kuona haya. Akampata mwalimu mmoja mwanamke, Alal, wa mji wa Lira. Hakuwa Shakib, aliongea puani na ubao wake ulimetameta kwa mwanga wa dirisha. Lakini Jannat alipotazama, paji la uso lilikunjuka, si lote, sehemu kubwa.

Jumatatu darasa lilijaa. Uso wa mgeni ulipotokea ukutani, Jannat aliinua mkono.

"Madamu, huyu yuko hai?"

"Yuko hai," Mwanawetu akajibu. "Nimeongea naye jana. Yuko nyumbani kwake, ana mafua."

Hakuna aliyecheka. Jannat alimkodolea macho yule mwanamke wa ukutani, akimchunguza kama daktari, kisha akainama akaanza kuandika.